Inveta iliyosingiziwa: kisa cha pampu ya saa moja usiku

Simu ilipokuja, jibu lilikuwa limeshapatikana. Mimi niliitwa kugonga muhuri tu. Kijana wa nyumba hiyo, anayefanya kazi mbali na wazazi wake, aliniambia, "Fundi, inveta ya wazee imezidiwa. Ni ya kVA 3, nataka niwanunulie ya kVA 5. Wewe niambie tu nichukue ipi." Inveta ni lile boksi linalogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa vifaa vya nyumbani, na kVA ni kipimo cha mzigo linaoweza kubeba; kVA moja ni VA 1,000. Muuzaji alikuwa amemweleza hivyo hivyo, na tayari alikuwa na makadirio ya bei mkononi.

Sijibu swali hilo kwenye simu. Nilimwomba anipe siku mbili nikaione nyumba kwanza. Nakiandika kisa chote, pamoja na mahali nilipokosea mimi, kwa kuwa kilinipitisha karibu kila sehemu ambapo watu huteleza wanapochagua inveta ya nyumbani.

Nilichokikuta

Gridi haifiki pale, kwa hiyo zile inveta za kusukuma umeme kwenye gridi, ambazo hujizima zenyewe gridi ikikatika, hazikuwa na nafasi kwenye mazungumzo yetu. Nyumba inaishi kwa jua peke yake. Juu kuna paneli sita za wati 330 kila moja: nne zimelazwa upande wa paa unaotazama mawio, mbili upande wa machweo, kwa sababu upande wa kwanza ulikuwa umejaa. Chini kuna betri mbili za jeli (aina ya betri za risasi), kila moja volti 12 na ampea-saa 200, zimeungwa mfululizo kupata volti 24. Ukutani inaning'inia inveta yenyewe: kVA 3, masafa ya juu, haina transfoma nzito ndani, na chaja ya MPPT, ile inayotafuta volti ambayo paneli hutoa nguvu nyingi zaidi, imo humo humo.

Matumizi si makubwa. Friji moja, taa kumi na mbili za LED, televisheni, kompyuta mbili za mapajani, ruta ya intaneti isiyozimwa, pasi mara mbili kwa wiki, na pampu ya kisima inayojaza tangi dogo.

Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza: jioni watu wakianza kuoga, tangi likiisha maji na pampu ikawashwa, nyumba nzima inaingia giza. La pili: karibu na alfajiri betri zinaisha, friji inanyamaza, na mzee anaamka kwa king'ora cha inveta.

Nilimuuliza mzee swali moja kabla sijafungua begi. "Na mchana, pampu inawaka?"

"Mchana haina shida kabisa. Hata friji ikiwa inavuma."

Hapo ndipo kesi dhidi ya inveta ilipoanza kulegea. Kama inveta ingekuwa ndogo kwa pampu ile, ingeshindwa mchana na usiku vilevile, maana dari lake la wati halibadiliki jua likizama. Kinachobadilika usiku ni betri. Mchana paneli zinasaidia kusukuma na volti ya betri iko juu. Usiku betri imeachwa peke yake.

Kipimo cha jioni

Tulisubiri hadi saa moja usiku, wakati tatizo linapotokea. Niliweka mita ya kubana kwenye waya wa pampu, ile yenye kitufe cha kukamata mkondo wa kuanzia. Mita mbili za volti nikaziweka kwenye hali ya kukumbuka kiwango cha chini kabisa: moja kwenye nguzo za betri, nyingine kwenye vifungio vya betri mgongoni mwa inveta. Friji ikiwa inafanya kazi na taa zikiwaka, mama akabonyeza swichi ya pampu.

Giza. King'ora. Watoto wa jirani wakacheka.

Kwenye skrini ya inveta kulikuwa na namba 04. Kwa familia hii ya inveta, 07 ndiyo inayosema mzigo umezidi. 04 inasema volti ya betri imeshuka mno. Namba hiyo ilikuwa ikijitokeza kila jioni kwa miezi, na hakuna aliyeitazama, hata muuzaji aliyeshauri kVA 5. Simlaumu sana mzee. Nyumba ikizimika mtu hutafuta tochi, hatafuti skrini.

Mita ya kubana ilikamata ampea 19 za kuanzia. Nilipoirudisha pampu baadaye kwa betri iliyopumzika, ilitulia kwenye ampea 4.1. Tuziangalie namba hizi kidogo, kwa sababu ndizo moyo wa kisa. Ampea 19 kwa volti 230 ni karibu VA 4,400. Kibandiko cha inveta kinasema inaweza kubeba VA 6,000 kwa sekunde chache. Kwa hiyo pampu ilikuwa chini ya uwezo wa inveta, na pengo lipo.

Hapa ndipo pangu pa kukosea. Nilipokuwa njiani nilikuwa nimesoma picha ya kibandiko cha pampu, kilichoandikwa 0.55 kW, nikajiwekea kichwani kwamba inakula wati 550. Si kweli. Kibandiko cha mota husema nguvu inayotoka kwenye shafti, yaani kazi ya kuzungusha maji, si umeme unaoingia. Ampea 4.1 kwa volti 230, ukizingatia kigezo cha nguvu (sehemu ya VA inayofanya kazi kweli), ni karibu wati 880. Mtu akijumlisha vibandiko vya mota kama nilivyofanya, anakuwa amekosea kwa zaidi ya nusu hata kabla hajafika kwenye mkondo wa kuanzia.

Na sasa zile mita mbili za volti. Kabla ya pampu, zote zilikuwa kwenye volti 24.3. Pampu ilipogutuka, nguzo za betri zilishuka hadi 22.7. Kwenye inveta, hatua chache kutoka hapo, zilisomeka 21.3. Volti 1.4 zilikuwa zimepotelea njiani, kwenye waya.

Waya wenyewe ulikuwa wa milimita za mraba 16, urefu wa mita nne kwenda na nne kurudi, kwa kuwa fundi wa kwanza alitaka inveta ikae sebuleni ipendeze. Mota inapogutuka, inveta huchota kutoka kwenye betri kitu kama ampea 140 kwa sehemu ya sekunde. Shaba ya unene ule na urefu ule ina ukinzani wa karibu miliomu 9. Ongeza vichwa vya waya vilivyobanwa kwa koleo la kawaida badala ya mashine ya kubania, unapata miliomu 10. Zidisha mara ampea 140. Volti 1.4 hizo hapo.

Kilichomalizia kazi ni mtu mwenye nia njema. Kwenye mipangilio ya inveta, kiwango cha kukata betri kilikuwa kimepandishwa kutoka volti 21 hadi 22, "ili kulinda betri." Kwa hiyo kila jioni inveta ilikuwa inatii amri: imeona 21.3, imekata.

Ukiiweka inveta ya kVA 5 juu ya betri zilezile na waya uleule, pampu itagutuka kwa ampea zilezile, volti zitashuka vilevile, na inveta mpya itakata kama ya zamani. Umebadilisha mdomo, koo ni lilelile.

Kesho yake niliihamisha inveta jirani na betri, waya wa milimita za mraba 50, mita moja na nusu kila upande, fyuzi ya mkondo wa betri katikati, vichwa vikabanwa kwa mashine. Kiwango cha kukata nikakirudisha 21. Jioni mama aliwasha na kuzima pampu mara kumi mfululizo, friji na televisheni zikiwa kazini, na mara zote ikawaka. Kwenye inveta volti haikushuka chini ya 22.5.

Mzee akaniuliza, kwa haki kabisa, "Sasa hatununui?"

Lalamiko la alfajiri

Hilo lilikuwa bado, na hilo waya haukulitibu.

Betri za jeli za volti 24 na ampea-saa 200 zina uniti 4.8 kwenye makaratasi. Ukitaka zidumu, hutumii zaidi ya nusu, yaani 2.4. Hizi zilikuwa na miaka mitatu ya kushushwa mpaka chini, na nilipozipima kwa mzigo uliotulia zilitoa kama uniti 1.5 kabla hazijalala. Zimekwisha; hapakuwa na la kujadili.

Upande wa matumizi ya usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi, nilipata hivi: friji, niliyoiacha kwenye mita ya plagi saa 24, inakula uniti 1.05 kwa siku, kwa hiyo usiku ni kama 0.6. Taa 0.4, televisheni 0.45, ruta na simu 0.25, kompyuta 0.25. Jumla ni karibu uniti 1.95, na ukihesabu kinachopotea kwenye kugeuza mkondo wa betri kuwa mkondo wa nyumba, betri inatoa karibu 2.2.

Halafu kuna mlaji mmoja ambaye hakuna mtu aliyemtaja. Nilizima breka zote za nyumba, nikabana mita kwenye waya wa betri. Ampea 1.6. Nyumba haitumii chochote na betri inatoa wati 40. Huyo ni inveta mwenyewe: ubongo wake, feni, na saketi zinazoweka wimbi la umeme tayari hata kama hakuna anayelitumia. Wati 40 kwa saa 24 ni uniti 0.96. Karibu sawa na friji. Kwa usiku mmoja ni zaidi ya nusu uniti.

Watu wakikaa kuchagua inveta hujumlisha wati za vitu vyote, wakazidisha kidogo "kwa usalama", wakanunua kubwa kuliko jumla hiyo. Katika nyumba hii jumla ya vibandiko inazidi wati 3,000 ukiweka pasi na pampu pamoja. Lakini nilipoiangalia kumbukumbu ya inveta, muda mwingi wa siku nyumba iko chini ya wati 300. Kwa hiyo inveta ya nyumba ina mitihani miwili isiyofanana hata kidogo: ule wa nusu sekunde pampu inapogutuka, na ule wa usiku mrefu ambapo karibu hakuna kinachotumika. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi hazijibu hata mmoja.

Makadirio matatu

Betri mpya zilikuwa lazima, na mtu akibadilisha betri anapata nafasi ya kubadilisha volti ya mfumo mzima. Hapo swali la kijana likapata uhai upya. Mezani kulikuwa na mapendekezo matatu: mawili ya wauzaji, na la tatu nililoliongeza mimi.

La kwanza lilikuwa lile la kVA 5, volti 48, masafa ya juu, chaja ya MPPT ndani, pamoja na betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100. La pili, kutoka kwa muuzaji mwingine, lilikuwa inveta ya kVA 3 ya transfoma, volti 48, chaja ya MPPT ikiwa boksi lake pembeni, na betri ya lithiamu ya kipimo kilekile. La tatu: ibaki inveta ya zamani ya volti 24, inunuliwe betri ya lithiamu tu, volti 25.6 na ampea-saa 200. Betri zote hizo zina uniti 5.1, kwa hiyo zilifuta tofauti upande huo. Inveta za wimbi bandia, zile za bei ya kutupa, sikuziruhusu mezani. Mota ya friji juu ya wimbi lile huvuma na kupata moto.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wauzaji wote wawili walikuwa na sauti nzuri. Wa kwanza alisema transfoma ni teknolojia ya wazee. Wa pili akasema masafa ya juu ni vitu vya kuchezea. Wote wanatia chumvi. Inveta ya masafa ya juu huhifadhi nguvu yake ya ghafla kwenye kapasita na hukata haraka ikihisi hatari. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Ya transfoma ina kilo nyingi za chuma na shaba zinazomeza mshtuko wa mota bila kulalamika. Hii ya pili iliandikwa mara tatu ya uwezo wake kwa sekunde 20. Nyumba yenye pampu kubwa, au mashine ya kuchomelea, ningeisukuma kwenye transfoma bila kufikiri mara mbili. Lakini pampu hii ya VA 4,400 za kuanzia ingewaka kwa yoyote kati ya tatu. Mtihani wa nusu sekunde ulikuwa umeshafauliwa na wote.

Kwa hiyo kilichobaki kuamua ni paa na usiku. Paa ndilo lililonichukua muda.

Chaja ndani ya ile kVA 5 inataka volti 120 hadi 450 kutoka kwenye paneli, na haitaki kamwe kuona zaidi ya 500. Paneli za mzee zina volti 46 zikiwa wazi (hazijaunganishwa na mzigo) na 38 zikiwa kazini, kwa vipimo vya maabara vya nyuzi 25. Ukiziunga sita mfululizo: volti 276 wazi, 228 kazini. Vizuri sana, na hata asubuhi ya baridi, ambapo volti hupanda, hazikaribii 500. (Onyo la pembeni kwa wenye paneli kubwa za siku hizi za volti 50: kumi mfululizo zinagusa 500 kwenye makaratasi, na asubuhi ya nyuzi 10 zitafika kama 520. Inveta haifi kwa jua kali la mchana, inakufa saa moja asubuhi.)

Shida ni kwamba sita hizi haziangalii upande mmoja. Kwenye mfululizo mmoja, mkondo hupita kwa kiasi cha paneli dhaifu. Asubuhi zile mbili za machweo ziko kwenye kivuli cha pembe ya paa, zinazibania nne; au zinarukwa na dayodi zake, vipande vinavyopitisha mkondo pembeni ya paneli dhaifu, na hazitoi kitu. Jioni inageuka, nne zinazibania mbili. Je, tuziache nne peke yake? Nne ni volti 152 kwenye makaratasi. Lakini paneli juu ya bati mchana hufika nyuzi 65, na volti ya kazini hupungua karibu asilimia 16. Zinabaki 128. Sakafu ya chaja ni 120. Hiyo ni kukaa ukingoni mwa kiti kila adhuhuri. Na mbili za machweo, volti 76, hazitoshi hata kuiamsha chaja hiyo.

Chaja ya pembeni ya pendekezo la pili ina kikomo cha volti 150. Hapo paneli zinaungwa mbili mbili, jozi tatu sambamba, kama zilivyo sasa. Jozi moja ni volti 92 wazi, mbali na kikomo. Mchana wa joto jozi inashuka hadi kama volti 64 kazini, na betri ikiwa inajazwa kwenye 56, bado kuna nafasi ya kusukuma. Jozi ya machweo inafanya kazi yake jioni bila kuzisumbua zile nne. Hakuna anayepanda juu ya paa.

Upande wa usiku: kVA 5 iliandikiwa wati 50 za kukaa bure. Hiyo ni uniti 1.2 kwa siku. Siku nzuri paneli hizi hutoa uniti 7 na zaidi, na 1.2 haionekani. Lakini nilibahatika kukuta siku ya mawingu mazito nikiwa palepale, na skrini ilifunga siku kwa uniti 1.9. Katika siku kama hiyo kVA 5 ingekula karibu theluthi mbili ya mavuno kabla taa haijawashwa. Ya transfoma iliandikiwa wati 25. Nilishangaa kidogo, kwani transfoma nyingi huwa walaji wabaya zaidi zikikaa bure; hii ilikuwa ya kizazi kizuri, na bei yake ilijieleza.

Kuhusu volti 48 dhidi ya 24 sikuhitaji hotuba. Waya wa sebuleni ulikuwa umeshaifundisha nyumba nzima. Wati 3,000 kwa volti 24 ni ampea 125, kwa 48 ni 62. Nusu ya mkondo, robo ya hasara kwenye waya uleule.

Maamuzi

Nilimwambia kijana kwenye simu, wazee wakisikiliza: kama fedha imebana, chukua la tatu. Betri tu. Inveta ya zamani ni nzima, na kilichokuwa kibaya kimeshatolewa. Itabidi chaja ipangwe kwa mkono, seli nane kwa volti 3.5 kila moja, yaani volti 28, na ile hali ya kusawazisha betri za risasi izimwe kabisa, maana inaweza kuisukuma lithiamu kupita kiwango chake. Mkiwa na nafasi zaidi, la pili. La kwanza si baya, ila ni la nyumba nyingine, yenye paa moja refu na matumizi makubwa ya mchana.

Kijana hakupenda. Alikuwa ameshaizoea tano kichwani. "Fundi, na mashine ya kufulia? Mama anaitaka mwakani. Tatu itatosha?"

Hoja ya kesho ina uzito, siidharau. Mashine ya kufulia yenye kipasha maji huchukua kama wati 2,000 inapopasha. Haina mshtuko wa kuanzia kama pampu kwenye sehemu hiyo, ni mzigo uliotulia. Inveta ya kVA 3 iliyoandikwa wati 2,400 itaibeba, ila pasi isubiri. Kinachoumia ni betri, si inveta: kupasha maji kwa nusu saa ni uniti nzima. Na hapo kVA 5 haiongezi hata tone. Ukifua mchana, kwa maji yasiyopashwa, mashine hiyo ni wati mia chache tu. Nilichomshauri anunue mapema kwa ajili ya kesho ni volti, si wati. Mfumo wa 48 unaweza kuongezwa betri na paneli, na hata inveta ya pili ikibidi, bila kutupa waya wala betri ya kwanza.

Mzee ndiye aliyefunga mjadala. Alikuwa ameikumbuka ile namba 04. "Mwanangu, huyu ameona kilichoandikwa. Yule mwingine hajawahi kuja."

Wakachukua la pili.

Sio kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Inveta ilikuja na uzito wa kilo 38, na ukuta wa pale pembeni mwa betri haukuaminika. Tulilazimika kuipeleka upande wa pili, ukuta imara, ambao kwa bahati mbaya ni wa chumba cha kulala. Wati 25 za kibandiko zilisomeka 31 kwenye mita yangu, kwa sababu chaja ya pembeni nayo inakula chake na hakuna aliyeihesabu, mimi nikiwa mmoja wao. Ile hali ya kusinzia, ambapo inveta hujilaza isipoona mzigo na kuamka kwa vipindi kunusa kama kuna kitu kimewashwa, haikufaa kitu: ruta iko hewani saa zote, kwa hiyo inveta haipati usingizi. Muuzaji alikuwa ameisifia sana.

Pampu nayo tuliihamishia mchana. Tangi limewekewa boya lenye swichi na saa ya kuwasha, linajazwa kati ya saa nne na saa nane mchana jua likiwa kamili. Kwa usiku ni swichi ya dharura tu. Ukweli ni kwamba kifaa hicho kidogo kingefanywa mwaka mmoja kabla, simu ile isingepigwa.

Nilirudi baada ya wiki sita kukaza vifungio, kwani shaba hutulia na bolti hulegea. Saa moja asubuhi betri ilikuwa na asilimia 48. Transfoma inavuma, ni mvumo mwembamba, mchana huusikii, usiku unapita ukutani. Nilimwomba radhi mama kwa hilo, nikamwambia tunaweza kuweka mpira chini ya bolti zake.

"Iache," akasema. "Huko nyuma nilikuwa naamka kwa king'ora. Sasa naamka nikisikia imenyamaza, na bado haijanyamaza."

Mpira niliuweka hata hivyo.